Sinema Bubu na Suala la Msemaji: Uhakiki wa Diski Chache za Nyumbani

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imezoeleka kuigawa fasihi katika mafungu mawili makuu, yaani fasihi simulizi na fasihi andishi. Filamu, aghalabu, haipewi fungu lolote. Ikitajwa, hutajwa kama kiburudisho cha mjini, au kama chombo cha ubeberu wa kiutamaduni kinachostahili kulaaniwa pasipo kutazamwa. Na filamu isiyo na sauti ndiyo iliyo mbali zaidi na fikira zetu. Idara ya lugha, huulizwa, ina shughuli gani na kazi ya sanaa isiyosema? Swali hili niliulizwa na mwenzangu mmoja, mwalimu ninayemheshimu sana, siku nilipopendekeza wanafunzi wa fasihi linganishi waonyeshwe filamu mbili za miaka ya 1920. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wengine walio na shaka kama yake.

Tunaposema sinema bubu tuna maana ya filamu zilizotengenezwa tangu miaka ya 1890 hadi kwenye mwisho wa miaka ya 1920, kabla ya filamu zenye sauti kuenea. Maneno ya wahusika na ya msimulizi yaliandikwa katika vibao vilivyopachikwa kati ya picha na picha. Kwa hiyo ububu wa sinema hizo ni wa mdomo tu, si wa lugha. Dai letu ni kwamba, kwa sababu picha na neno vimetenganishwa namna hii, sinema bubu humlazimisha mhakiki kuuliza swali ambalo kazi nyingine humruhusu kulikwepa: ni nani anayesema, na kwa niaba ya nani?

Kazi tutakazozitumia zatoka katika mkusanyo mdogo wa diski ulio nyumbani kwangu. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili nilizoea kununua diski zilizokwisha kutumiwa, kwa bei ya kikombe cha chai. Leo ziko 64, zimepangwa katika sanduku la bati. Si maktaba, wala sidai kuwa zinawakilisha historia nzima ya sinema. Hata hivyo zimenitosha kulifikiri jambo hili, na nimechagua tatu miongoni mwazo kwa kuwa kila moja inalijibu swali la msemaji kwa njia yake.

2. Picha yetu, maneno ya mgeni

Filamu ya kwanza inatuhusu moja kwa moja. Jina lake ni neno letu: Simba. Ilitolewa mwaka 1928 na Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, waliopiga picha nyingi katika Kenya ya kikoloni, na hasa Marsabit, kando ya ziwa ambalo wenyewe waliliita kwa jina la Peponi katika lugha yao. Kwa macho ya leo picha hizo zina thamani ambayo haiwezi kukanwa. Wapo ndovu, wapo twiga na simba wenyewe. Wapo pia watu, wapagazi na wawindaji wenye mikuki, ambao nyuso zao zilinaswa kabla babu zetu wengi hawajapigwa picha yoyote.

Lakini ni nani anayesema katika filamu hii? Kila mara Mwafrika anapotokea, kibao cha maandishi hutangulia au hufuata, nacho kimeandikwa kwa ajili ya mtazamaji wa Marekani aliyelipa kiingilio ili atishwe kidogo na achekeshwe kidogo. Mpagazi hana kibao chake. Hasemi hata kwa maandishi, husemewa. Mshikaji wa kamera amempa nafasi ya mwili wake na kumnyima nafasi ya ulimi wake. Na kwa vile matukio mengine yalipangwa ili yapendeze, mtazamaji hawezi kujua wapi mtu alikuwa akifanya kazi yake na wapi alikuwa akiigiza kwa amri.

Jaribio dogo lilinifunza mengi. Niliitazama filamu hii mara ya pili huku nimeviziba vibao kwa kipande cha karatasi, nikaona filamu nyingine. Niliona watu wenye ustadi, wanaojua mahali pa kusimama simba anapozingirwa, na wageni wawili wanaotegemea ujuzi wao kwa kila hatua. Picha ilikuwa ikishuhudia kinyume cha maneno. Tukifuata istilahi tulizozizoea, basi fani hapa inayapinga maudhui yaliyobandikwa juu yake. Mhakiki asiyeitazama kazi kama hii, akatosheka na kuilaani, anaipoteza nafasi ya kuitumia picha kama shahidi dhidi ya maneno.

3. Neno lililopita katika lugha ya tatu

Filamu ya pili ni Within Our Gates ya Oscar Micheaux, iliyoonyeshwa kwanza Chicago mwaka 1920, baada ya ghasia za ubaguzi wa rangi zilizoukumba mji huo mwaka 1919. Micheaux, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1884, alikuwa mkulima na mwandishi wa riwaya kabla ya kuwa mtengenezaji wa filamu. Kazi hii ndiyo filamu ndefu ya kale zaidi iliyosalia miongoni mwa zile zilizoongozwa na Wamarekani weusi.

Kisa chenyewe ni cha msichana mwalimu, Sylvia Landry, anayekwenda kaskazini kutafuta fedha za kuiokoa shule ya watoto weusi huko kusini. Mwishoni tunarudishwa nyuma, tukaelezwa yaliyomsibu. Baba yake wa kulea, mkulima katika shamba la tajiri mzungu, anakwenda kwa bwana wake kulipa deni akiwa na hesabu sahihi, kwa maana Sylvia aliyesoma ndiye aliyemwandikia. Tajiri anauawa kwa risasi na mzungu mwingine aliyekuwa na kinyongo naye. Lawama inaangukia kwa mkulima. Naye na mkewe wananyongwa na kundi la watu. Wakati uo huo Sylvia anashambuliwa na nduguye yule tajiri, mpaka mtu huyo anapoona kovu kifuani pake na kutambua kwamba ni binti yake mwenyewe.

Micheaux anayapokeza matukio haya mawili, kitanzi na shambulio, huku na huku, picha kwa picha. Hapa hakuna kibao kinachotuambia tufikiri nini. Upokezanaji wenyewe ndio hoja: kwamba jamii inayodai kuwanyonga weusi ili kuwalinda wanawake ndiyo inayowanajisi wanawake weusi. Hoja hii ingechukua kurasa kadhaa katika riwaya. Upo pia mfano wa Old Ned, mhubiri anayewachekea wazungu waliompiga teke, kisha anatoka mlangoni na uso wake unabadilika mara moja. Mlango huo mmoja unatueleza maana ya kuishi na nyuso mbili.

Si kwamba kazi hii haina ila. Matukio ya bahati yamezidi kiasi, na mfadhili tajiri anatoa dola 50,000 pale palipohitajika 5,000, kana kwamba ukombozi wa watu hungojea huruma ya mkwasi. Dhahiri zaidi ni mwisho wake. Baada ya vitanzi vile, daktari anayempenda Sylvia anamhimiza ajivunie nchi yake na askari weusi walioipigania. Maneno hayo ni mepesi mno kuubeba uzito wa picha zilizotangulia. Hapa tena picha na neno vimefarakana.

Lakini je, maneno hayo ni ya Micheaux? Hili ndilo swali litakalomvutia msomaji wa jarida hili. Kwa miaka mingi filamu hii ilidhaniwa kuwa imepotea kabisa. Katika miaka ya 1970 nakala moja ilitambuliwa Hispania, ikiwa na jina la Kihispania, La Negra, na vibao vya Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoirejesha mwaka 1993, wataalamu walilazimika kuvitafsiri vibao hivyo kurudi katika Kiingereza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunayoyasoma leo katika diski ni Kiingereza kilichotafsiriwa kutoka katika Kihispania kilichotafsiriwa kutoka katika Kiingereza. Kila neno limekwenda ugenini na kurudi limevaa nguo nyingine.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatashangazwa na hali hii. Mashairi ya Muyaka yametufikia kwa njia inayofanana nayo: kutoka vinywa vya wazee wa Mombasa waliokuwa wameyahifadhi moyoni, hadi mkono wa Mwalimu Sikujua, hadi kwa W. E. Taylor, hadi kitabu cha William Hichens cha mwaka 1940, kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi. Hatujayatupa mashairi hayo kwa sababu ya safari yake. Tumejifunza kuuliza, kwa kila ubeti, ni mkono wa nani tunaouona. Ujuzi huo tunao tayari. Kinachotakiwa ni kuukubali kuwa unafaa pia mbele ya pazia la sinema.

4. Neno lililokataliwa

Filamu ya tatu, Der letzte Mann ya F. W. Murnau, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1924. Bawabu mzee wa hoteli kubwa, ambaye fahari yake yote imo katika koti lake lenye vifungo vinavyong'aa, anaonekana amechoka, ananyang'anywa koti na kupelekwa kuhudumu msalani. Huko kwao, katika nyumba za makabwela, koti lile ndilo lililompa salamu za heshima. Analiiba usiku ili arudi nalo nyumbani siku ya harusi.

Karibu filamu nzima haina kibao. Mwandishi Carl Mayer na Murnau wameyakataa maneno, na mpiga picha Karl Freund ameifanya kamera itembee, ilewe na iyumbe pamoja na mzee. Emil Jannings, anayemwigiza bawabu, anatumia mgongo wake kama wengine wanavyotumia sauti: akiwa ndani ya koti mgongo umenyooka, akivuliwa unakunjika. Suala la kitabaka limo ndani ya nguo, halihitaji hotuba. Wengi wetu tumewaona mabawabu na matarishi waliovishwa sare ya mwajiri hata sare ikawa ndiyo utu wao, na hatungehitaji mfasiri ili tumwelewe mzee huyu.

Kibao kimoja tu kinajitokeza, kuelekea mwisho. Hapo mwandishi anakiri kwamba katika maisha halisi kisa kingeishia pale, mzee akiingojea mauti. Lakini amemhurumia, akampa tamati isiyosadikika: mzee anarithi mali ya milionea. Kibao hicho kimoja ni kejeli kali. Neno linapoingia, linaingia ili kusema uongo na kutuambia kwamba ni uongo.

Tazama basi athari ya tafsiri. Kwa Kijerumani jina la filamu lina maana ya mtu wa mwisho, yaani mtu wa chini ya wote. Waingereza na Wamarekani waliijua kwa jina lililo sawa na “Kicheko cha Mwisho”. Jina la kwanza linatuelekeza msalani. La pili linatuelekeza kwenye karamu ya tamati ile ya uongo. Picha ni zile zile, lakini dhamira imehamishwa kwa maneno matatu tu. Anayedai kwamba katika sinema bubu hakuna kazi ya mwanalugha na aufikirie mfano huu.

5. Fanani kando ya pazia

Hadi hapa tumezungumza juu ya neno lililoandikwa. Lakini sinema bubu haikuwa kimya ilipoonyeshwa. Palikuwapo na muziki, na mahali pengine palikuwapo na mtu. Huko Ujapani mtu huyo aliitwa benshi. Alisimama kando ya pazia akawasemea wahusika wote, akaeleza na akafafanua, na watazamaji walimfuata yeye kama walivyomfuata mwigizaji. Kwetu sisi mtu huyo si mgeni. Ni fanani mbele ya hadhira yake.

Historia yetu wenyewe inayo mifano. Kati ya mwaka 1935 na 1937 jaribio la filamu za elimu, lililofadhiliwa na shirika la Carnegie la New York, liliendeshwa kutoka Vugiri katika milima ya Usambara chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zilipigwa bila sauti, na maelezo yakarekodiwa kando, kwenye sahani za santuri, katika lugha kadha, Kiswahili kikiwa mojawapo. Zamani hizo sahani ilibeba sauti na picha ikawa kwenye utepe. Leo sahani imebeba picha, na sauti ndiyo tunayoitafuta. Baadaye kitengo cha filamu cha serikali ya kikoloni ya Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1939, kilishikilia nadharia ya William Sellers kwamba Mwafrika hawezi kuzifuata picha zinazobadilika upesi, na hivyo atengenezewe filamu za mwendo wa pole. Ukumbuke kwamba Micheaux alikuwa ameupokeza ule unyongaji na lile shambulio karibu miaka 20 kabla ya hapo. Nadharia ile haikuwa na ila ya fani tu. Ilikuwa tusi lililovishwa joho la elimu.

Hadhira yetu imejibu kwa matendo. Katika vibanda vya video vya Kenya sauti ya DJ Afro imezifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani. Dar es Salaam Lufufu alijipatia jina kwa kazi iyo hiyo. Na Uganda wapo wafasiri wa Kiganda. Wasomi wengi wamewacheka watu hawa kwamba wanaharibu lugha na kuongeza chumvi. Mimi nadhani wanafanya kazi ya benshi, na wanatimiza haki ambayo Simba iliwanyima wapagazi wake: haki ya kuyasema maneno juu ya picha.

Niliyashuhudia haya darasani. Nilipowaonyesha wanafunzi filamu ya Micheaux nilizima muziki, kwa kuwa niliuona unawaamulia jinsi ya kuhisi. Baada ya dakika chache msichana mmoja alianza kumfasiria jirani yake vibao kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Wengine wakamtaka apaze sauti. Kufikia nusu ya filamu alikuwa na sauti ya mhubiri, sauti ya mfadhili, sauti ya Sylvia. Ilipofika sehemu ya kitanzi alinyamaza, na darasa zima likanyamaza naye hadi mwisho. Sikuwa nimemfunza lolote kati ya hayo. Alijua pa kusema na pa kuacha, kama bibi msimulizi ajuavyo.

Mwenzangu niliyemtaja alikuwapo, ameketi nyuma. Hoja yake baadaye ilikuwa ya haki: Kiswahili kile kilikuwa kimepachikwa juu ya Kiingereza, kikapita na kupotea, hakuna maandishi ambayo idara inaweza kuyasahihisha wala kuyahifadhi. Nakubali. Ndiyo sababu siku iliyofuata tuliviandika vibao vyote kwa Kiswahili, na ugomvi ulianzia kwenye jina. Mimi nilikuwa nimependekeza “Ndani ya Boma Letu”. Nilipingwa. Boma, walisema, ni neno la mwenye mji, au la mkuu wa wilaya wa zamani. Jina la Kiingereza linaikumbusha ile amri ya Biblia inayomhusu mgeni, nayo Biblia ya Kiswahili inasema malango. Tena lango lina mtu wa kulifungua na wa kulifunga, na kisa kizima ni cha watu waliozaliwa ndani wakihesabiwa kuwa wageni. Tukakubaliana: “Ndani ya Malango Yetu”. Nilishindwa na wanafunzi wangu, na tafsiri ikawa bora.

6. Diski kama toleo

Yafaa tuseme neno juu ya chombo chenyewe. Diski si filamu. Ni toleo la filamu, kama vile diwani iliyochapwa ilivyo toleo la mashairi. Mhariri wake amechagua nakala, amechagua muziki, amechagua mwendo. Sinema bubu nyingi zilipigwa kwa kamera iliyozungushwa kwa mkono, na mwendo wake haukuwa mmoja. Zikiendeshwa kwa picha 24 kwa sekunde, watu hukimbia kama vikaragosi. Wengi hudhani kwamba wazee wale waliigiza hivyo. La, ni kosa la toleo, si la mwigizaji. Mhakiki asiyelijua hili ni sawa na yule anayemlaumu mshairi kwa makosa ya mpiga chapa.

Tena kilichosalia ni kidogo. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 uligundua kwamba, kati ya filamu bubu ndefu karibu 11,000 za Marekani, zilizosalia kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu. Za Vugiri zilizosalia zahesabika kwa vidole. Na diski zenyewe hazidumu: kati ya 64 zangu, tano hazisomeki tena, na mashine za kuzichezea zinaadimika madukani. Mkusanyo wa mtu binafsi hauwezi kuwa hifadhi ya taifa. Unaweza tu kuonyesha kwamba hifadhi inahitajika.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sinema bubu ni uwanja halali wa mwanalugha. Katika Simba neno limeporwa. Katika Within Our Gates limesafirishwa na kurudishwa. Katika Der letzte Mann limekataliwa, kisha likaitwa kwa kejeli. Katika zote tatu, msemaji ndiye kiini cha uhakiki. Nasi tunazo zana za kazi hiyo: elimu ya miswada, elimu ya tafsiri, na elimu ya fanani na hadhira, ambayo wenzetu wa ng'ambo wengi hawanayo kama tulivyo nayo.

Mapendekezo yangu ni machache. Kila mwaka wanafunzi wa tafsiri waandike vibao vya filamu moja kwa Kiswahili, na kazi hiyo ihifadhiwe idarani. Wasimulizi wa vibanda vya video warekodiwe na kuchambuliwa kama tunavyowachambua watambaji wa ngano. Na pale ambapo picha za watu wetu zilipigwa wakanyimwa vibao vyao, tutafute wazee wanaoweza kuzitambua nyuso, kazi na mahali, wayaseme maneno yao kabla hawajaondoka. Wapagazi wa Marsabit wamekwisha kungoja tangu mwaka 1928. Diski iliyowabeba bado inasomeka. Sijui kwa muda gani.